Uhura, Uhuru na Wimbo wa Katumba



Sisi ni mafrateri watano wa Jimbo la Mpanda. Masomo yakifungwa tunarudi Katavi, tunapangiwa kazi za kichungaji katika parokia mbalimbali, na tukipata nafasi tunakutana jioni kula ugali kwa migebuka na kubishana. Mnaotufahamu mnajua tulivyo: tukichoka Simba na Yanga tunahamia falsafa, na falsafa ikituchosha tunarudi kwa Simba na Yanga. Likizo iliyopita tulipata ubishi mwingine. Kwa wiki tatu nzima tulibishana juu ya tamthilia ya Kimarekani ya safari za angani iitwayo Star Trek. Swali lilikuwa moja: ile ya zamani na ile iliyoanzishwa upya, ipi ndiyo yenyewe?

Msomaji atauliza jambo hilo linamhusu nini muumini wa Mpanda anayefikiria bei ya mahindi na ada ya watoto. Nasi tuliulizwa hivyo na Baba Paroko, tena zaidi ya mara moja. Tunaandika kwa sababu ubishi ule haukuishia sebuleni. Ulitufuata hadi kigangoni, ukakuta watu waliokuwa wanagombana juu ya jambo lile lile kwa jina lingine, na wao walikuwa na cha kupoteza kuliko sisi.

Tuanze na jinsi tulivyoipata. Padre mmoja mmisionari aliporudi kwao kwa sababu ya uzee, aliacha katika nyumba ya mapadre sanduku la vitabu na diski. Chini kabisa, chini ya vitabu vya Liturujia, tulikuta misimu yote mitatu ya Star Trek ya kwanza, vipindi 79. Ilibuniwa na Gene Roddenberry, ikaanza kurushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 na kukoma tarehe 3 Juni 1969. Inahusu chombo kiitwacho Enterprise kinachozunguka kati ya nyota katika karne zijazo, chini ya Nahodha Kirk, na msaidizi wake Spock, ambaye mama yake ni binadamu na baba yake ni mtu wa sayari ya Vulcan. Mmoja wetu naye alikuwa na filamu ya mwaka 2009, iliyoongozwa na J.J. Abrams, ambayo ilianza hadithi upya kwa waigizaji wapya. Alikuwa pia na vipindi kadhaa vya Strange New Worlds, iliyoanza mwaka 2022 na kuwarudisha watu wa chombo kile kile wakiwa vijana zaidi.

Frateri wetu anayependa tarehe alitupigia hesabu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungwa tarehe 8 Desemba 1965, Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Miezi tisa kamili baadaye, Sikukuu ya Kuzaliwa Bikira Maria, Star Trek ikaonekana kwa mara ya kwanza. Tulimwambia asilazimishe maana. Alijibu kwamba halazimishi, anahesabu tu.

Kilichotukamata si Kirk wala Spock. Ni afisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi aitwaye Luteni Uhura. Jina hilo ni letu. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alisimulia mara nyingi kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark juu ya Kenya iliyotoka mwaka 1962, iitwayo Uhuru. Neno likampendeza Roddenberry. Likalainishwa mwishoni, u ikawa a, na mhusika akapata jina. Wakati huo Tanganyika ilikuwa na miaka mitano tu tangu ijitawale na Kenya miaka mitatu. Neno lililokuwa bado linapigiwa ngoma hapa kwetu, kule tayari lilikuwa linaruka kati ya nyota.

Katekista mzee wa parokia, aliyekuwa akikaa nasi jioni kusubiri chai, hakuridhika. "Uhura ndiyo nini?" aliuliza. "Sema uhuru, au nyamaza." Tulimweleza kuwa Wamarekani walitaka jina lisikike la kike. Akasema kwa Kiswahili uhuru hauna mume wala mke, ndiyo maana unawafaa wote. Hatukuwa na jibu.

Tena aliongeza jambo ambalo sisi hatukuwa tumelifikiria. Mwaka 1966 yeye alikuwa mtoto mdogo na hapakuwa na televisheni. Zanzibar walianza mwaka 1973, na Bara tulisubiri mpaka 1994. Kwa hiyo dada mwenye jina la Kiswahili alionekana kwenye nyumba za Wamarekani miaka 28 kabla ya mtu wa Bara kuweza kufungua televisheni ya kwao. "Sasa nyie mnagombea ya zamani," alisema. "Ya zamani kwa nani? Mimi naiona leo. Kwangu zote ni mpya."

Tulikuwa tumegawanyika hivi: wawili upande wa zamani, wawili upande wa mpya, na wa tano, mwenzetu wa Katumba, alikaa kimya siku nyingi.

Upande wa zamani walisema tamthilia ya kwanza ilikuwa na wazo. Ilitengenezwa wakati wa vita baridi, katika nchi iliyokuwa bado inapigana na ubaguzi wa rangi, lakini katika chumba cha uongozi cha Enterprise aliketi mwanamke mweusi, akaketi Sulu mwenye asili ya Asia, na kuanzia msimu wa pili akaketi Mrusi, Chekov. Hakuna aliyesimama kueleza kwa nini wako pamoja. Walifanya kazi tu. Miamba ya sayari unaona kabisa ni ya kutengenezwa, lakini vipindi vingi vina swali la maadili ambalo unalala nalo. Filamu ya 2009, walisema, imechukua majina na mavazi ikaacha moyo. Ni mbio na milipuko. Kirk anaingia chomboni akiwa bado mwanafunzi, tena mwenye kesi ya nidhamu, na mwisho wa filamu ni nahodha kamili. "Ni kama kumpa daraja ya upadre frateri wa mwaka wa kwanza wa falsafa," alisema mmoja wao, "kwa sababu alizima moto jikoni."

Upande wa mpya walijibu kwa kumtumia Uhura huyo huyo. Katika vipindi vya zamani, walisema, hesabuni mara ngapi anafanya jambo zaidi ya kushika kidude sikioni na kutangaza kwamba mawasiliano yako wazi. Vipindi 79 vimekwisha hana hata jina la kwanza. Jina la Nyota lilizunguka kwenye vitabu na midomoni mwa mashabiki kwa miaka mingi, lakini ni filamu ya 2009 iliyolitamka kwanza mbele ya watazamaji. (Katekista alifurahi hapa. Nyota Uhura: nusu Kiswahili safi, nusu Kiswahili kilichoteleza.) Katika filamu hiyo, akiigizwa na Zoe Saldaña, ndiye anayenasa ujumbe wa maadui na ndiye anayezijua lugha zao. Katika Strange New Worlds, akiigizwa na Celia Rose Gooding, ni binti kutoka Kenya anayejua lugha 37, aliyepoteza wazazi na kaka yake katika ajali, na ambaye hana hakika kama kazi hii ni yake au ameikimbilia tu kwa sababu ya msiba. Frateri gani hajawahi kulala na swali hilo?

Waliongeza kwamba mashabiki wamelalamika tangu mwanzo. Mwaka 1987 ilipoanza Star Trek: The Next Generation, yenye nahodha mwingine na watu wengine, wengi waliapa kwamba bila Kirk na Spock hakuna Star Trek. Ikaenda misimu saba, na leo kuna watu wanaoililia kama ya zamani iliyo bora.

Vijana wa mtaani waliokuwa wakipita kutusalimu walikuwa na msimamo wa tatu. Wao wamekulia kwenye kibanda umiza, na kwao filamu isiyotafsiriwa ni nusu filamu. Wanamheshimu Lufufu, ambaye sauti yake ilitafsiri mikanda mingi ya kigeni kwa Kiswahili, na ambaye hakuwa akitafsiri neno kwa neno. Alisimulia upya. Aliongeza utani wa Dar es Salaam katika kinywa cha Mchina, na watu walicheka mahali Mchina hakukusudia. Je, filamu ile bado ni ile ile? Vijana walisema ni ile ile, ila sasa imefika.

Ubishi wetu ulianza kubadilika kwa sababu ya kipindi kimoja cha mwaka 1967, kiitwacho "The Changeling". Tulikionyesha kwenye nyumba ya mapadre, tukiwa na katekista, dada wa jikoni na vijana wachache. Mtambo unaoruka, uitwao Nomad, unaingia chomboni na kufuta kumbukumbu zote za Uhura. Hakufa, lakini hajui kitu. Wanaanza kumfundisha upya kusoma, sentensi fupi fupi kama mtoto wa darasa la kwanza. Kiingereza kinampiga chenga, anakasirika, na mara anatoa Kiswahili.

Nyumba nzima ilipiga kelele. Kiswahili chake si cha Tabora wala cha Unguja, lakini ni Kiswahili, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, katika televisheni ya Marekani. Tulirudisha nyuma mara nne. Upande wa zamani walisimama na kudai ushindi: mtambo umefuta kila kitu, na kilichobaki chini kabisa ni lugha ya mama.

Katekista alingoja tutulie. Kisha akauliza, "Wanasema kwa wiki moja atarudi kazini. Sawa. Kusoma amefundishwa. Ni nani alimrudishia wazazi wake?"

Hatukumwelewa mara moja. Alifafanua: kumbukumbu zilifutwa zote. Somo unaweza kufundishwa tena na mwalimu mwingine. Sura ya mama yako, wimbo aliokuimbia, jina la mto wa kwenu, hayo nani anayafundisha? Kipindi hakisemi. Wiki inayofuata Uhura yuko kwenye kiti chake kana kwamba hakuna lililotokea.

Hapo ndipo mwenzetu wa Katumba alipozungumza. Kwa wasomaji wa mbali: Katumba, katika Halmashauri ya Nsimbo, ni makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Baadaye, mwaka 1978, yakafunguliwa makazi ya Mishamo. Walikaa miaka zaidi ya arobaini kama wakimbizi, wakalima, wakazaa, wakajenga makanisa. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 kati yao, pamoja na wenzao wa Ulyankulu, walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Mwenzetu ni mjukuu wa watu hao. Cheti cha bibi yake kimewekwa kwenye bahasha ndani ya Biblia.

Alisema hivi. Wapenzi wa Star Trek ya zamani wanaichukia filamu ya 2009 hasa kwa sababu imeiharibu sayari ya Vulcan. Kwao ni kama mtu amechoma nyumba ya urithi ili apate filamu ya kusisimua. Lakini yeye, hadithi ilikuwa yake kuanzia hapo. Sayari inapobomoka, Spock hakimbilii silaha. Anashuka kuwatafuta wazee wa baraza wanaotunza historia ya watu wake, na wazazi wake wakiwamo. Baba anaokoka. Mama anaanguka mbele ya macho yake, mkono wake haufiki. Watu wote wa Vulcan waliobaki ni wachache, hawana kwao. Na mwisho wa filamu Spock mzee, aliyeigizwa na Leonard Nimoy yule yule wa mwaka 1966, anakwenda kusaidia kuanzisha makazi mapya.

"Nyie mnauliza kama kuanza upya ni halali," alisema. "Kwetu hatukuulizwa."

Sebule ikawa kimya. Tangu jioni hiyo hatukubishana tena kwa ajili ya kushinda.

Siku chache baadaye tulijua kwa nini alikuwa kimya muda mrefu. Kigango chao kilikuwa kinajiandaa kwa sherehe ya somo wake, na kulikuwa na ugomvi. Wazee wana wimbo mmoja wa Kirundi waliokuja nao kichwani. Haukuwa na karatasi. Unaimbwa wakati wa kuwakumbuka marehemu, taratibu sana, bila ala yoyote. Kwaya ya vijana ilikuwa imeutengeneza upya: maneno ya Kiswahili, kinanda, mwendo wa kuchezesha mabega. Wazee walisikia mazoezi wakasimama na kuondoka. Baba Paroko alimwomba mwenzetu akawapatanishe, kwa kuwa ni mtoto wa pale na bibi yake ndiye anayeongoza wimbo huo. Naye akatuomba tumsindikize. Tulikwenda kwa bodaboda, vumbi la njia ya Katumba likatubatiza upya.

Kikao kilifanyika chini ya mwembe. Mwenyekiti wa kwaya ya vijana alisema, kwa heshima, kwamba wao walizaliwa hapa, shule wamesoma kwa Kiswahili, na maneno ya wimbo ule hawayajui maana. "Tunaimba sauti tupu," alisema. "Wazee wetu wakiondoka, nani atauimba? Tumeutengeneza ili usife."

Bibi alikaa muda kabla ya kujibu. Akasema, "Wajukuu, mkiuimba mbio namna hiyo, tunaowalilia hawatautambua."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Tulitazamana sisi watano, na kila mmoja aliona ubishi wetu wa wiki tatu umevaa nguo nyingine. Tofauti ni kwamba Star Trek ina diski, ina kampuni, ina mashabiki duniani kote. Ukiharibiwa wimbo huu, nakala nyingine haipo. Kila mwaka mzee mmoja anayeujua anazikwa, na wimbo unabaki na midomo michache zaidi.

Katika masomo ya teolojia tunafundishwa juu ya Mtakatifu Vinsenti wa Lérins, mtawa wa karne ya 5, aliyeeleza namna imani inavyokua. Alitumia mfano wa mwili. Mtoto anakuwa mtu mzima, viungo vinakua na sura inakomaa, lakini ni mtu yule yule, na hakuna kiungo kilichoingizwa kutoka kwa kiumbe kingine. Huo ni ukuaji. Kitu kikigeuka kuwa kitu kingine, huo si ukuaji tena. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika hati yake juu ya Ufunuo wa Kimungu, ulifundisha kwamba Mapokeo yanasonga mbele ndani ya Kanisa kwa msaada wa Roho Mtakatifu. Yaani Mapokeo si jiwe la kuhifadhi kabatini. Tunajua wimbo si dogma, na Star Trek ndiyo kabisa. Lakini mfano wa mwili ulitusaidia kuuliza maswali badala ya kutoa hukumu.

Tulijiuliza kwanza: anayeanzisha upya anawajua waliotangulia, au ametumia jina lao tu? Filamu ya 2009, pamoja na mbio zake zote, ilimleta Spock mzee akutane na vijana uso kwa uso. Strange New Worlds ilirudi hadi kwa Nahodha Pike, aliyekuwa nahodha katika kipindi cha majaribio ambacho wenye televisheni walikikataa kabla Kirk hajapatikana. Walichimba mpaka kwenye msingi. Tukajiuliza pia: aliyekuwa kimya katika hadithi ya zamani amepewa sauti, au amenyamazishwa zaidi? Uhura alipata jina la kwanza, familia na lugha zake. Na mwisho: anayeachiwa urithi anaweza kuusema kwa kinywa chake mwenyewe? Nichelle Nichols alitaka kuacha tamthilia baada ya msimu wa kwanza ili arudi jukwaani. Kwa maelezo yake mwenyewe, Dkt. Martin Luther King alimsihi abaki, kwa sababu watu walikuwa wanajiona kwake. Akabaki. Baadaye, kuanzia 1977, alisaidia shirika la NASA kuwatafuta wanawake na watu weusi wa kufunzwa uanaanga, na Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi kwenda angani mwaka 1992, amesema alimtazama Uhura akiwa mtoto. Jina lililoazimwa kwetu kwa haraka lilizaa matunda kwa sababu mtu alilibeba kwa uaminifu.

Maswali hayo tuliyapeleka chini ya mwembe, bila kutaja vyombo vya angani. Tuliuliza vijana: nani kati yenu amekaa na Bibi akaelezwa kila neno? Hakuna. Maneno ya Kiswahili waliyatunga kwa kukisia. Tuliwauliza wazee: nani amewahi kuwaketisha vijana akawafundisha maana? Hakuna pia. Waliamini watoto watajua tu, kama wao walivyojua, lakini wao walijifunza mahali ambapo kila mtu alikuwa anaimba hivyo.

Kwa jioni mbili Bibi alikaa na kwaya. Alisema neno, akalieleza, mara nyingine akaeleza na mtu aliyekuwa akilipenda sana neno hilo na mahali alipozikwa, au kwamba hajulikani alipozikwa. Vijana waliandika kwenye daftari. Mazoezi yalichukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa, na hakuna aliyelalamika. Tafsiri ya kwanza waliifuta karibu yote.

Siku ya sherehe wimbo uliimbwa hivi: ubeti wa kwanza kwa Kirundi, kwa mwendo wa Bibi, bila kinanda, wazee na vijana pamoja. Kisha kinanda kikaingia polepole na beti zilizofuata zikaimbwa kwa Kiswahili. Mzee mmoja hakuimba. Alikaa nje mpaka wimbo ulipokwisha, na hatukumlaumu. Baada ya Misa vijana walimzunguka Bibi wakitaka kujua ameuonaje. Hakusema umempendeza. Alisema, "Ubeti wa tatu kuna neno mmekosea. Njooni kesho."

Kesho yake walikwenda.

Tukiwa njiani kurudi Mpanda, yule frateri wa tarehe alitukumbusha kwamba hata jimbo letu lina historia ya namna hiyo. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa jimbo tangu mwaka 1953. Mwaka 1969 jimbo likabadilishwa jina na kuitwa Sumbawanga. Mwaka 2000 likamegwa, ikazaliwa Mpanda, na Karema ikaja kwetu. Mama amehamia kwa mjukuu. Hata Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa mahali ambapo hapajawahi kuanzishwa upya, na bado mababu waliobatizwa Karema wako kwenye vitabu vile vile vya ubatizo.

Kuhusu Star Trek, hatukuafikiana. Wawili bado wanasema ya 1966 haina mpinzani, wawili wanasubiri msimu mwingine wa Strange New Worlds, na mwenzetu wa Katumba anasema atazitazama zote mradi katekista awepo. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, Bwana anamtaja mwenye nyumba ambaye hazina yake ina vitu vipya na vya zamani pamoja. Nyumba ya namna hiyo haikosi kelele, na kelele hizo si lazima ziwe dalili ya mafarakano.

Tunawaomba wasomaji jambo moja dogo. Katika kigango chako yupo mzee anayejua wimbo, sala au masimulizi ambayo hayako kwenye kitabu chochote. Kabla ya kuyatengeneza upya, na kabla ya kukataa yasitengenezwe, chukua daftari ukakae naye jioni mbili. Kama wewe ndiye mzee huyo, usingoje kuombwa. Mwite kijana aliye karibu, hata yule wa kibanda umiza.

Tunawaombea, nanyi mtuombee katika malezi yetu.